Kuandika makaburi ya zamani mpaka yawe kitabu: tuanzie wapi? (Kisumu)

Jirani_wa_Kibos:

Wakuu, hamjambo. Tuko watu sita, na tunataka kuandika kila kaburi lililoko kwenye makaburi ya zamani ya umma huku upande wa ziwa, kisha tuchapishe kitabu ambacho jamaa za marehemu, makanisa, misikiti na maktaba watakitumia. Kwa kuhesabu mistari harakaharaka tumefika makaburi kama 1,200. Kuna upande wa Wakristo, upande wa Waislamu, kona yenye mawe ya Kigujarati, na mawe machache ya wanajeshi. Vifaa tulivyo navyo ni simu nne zenye kamera nzuri, futi ya mita 30 na kompyuta moja. Muda wetu ni Jumamosi tu, na asubuhi chache za katikati ya wiki.

Mawe mengi yamefifia na misalaba ya mbao inaanguka. Namba zipangweje? Maandishi yaliyofifia yasomweje? Na kitabu cha nakala 150 hivi kitengenezwe vipi?

Futi_na_Kamba:

Anzeni na misalaba ya mbao. Jiwe la graniti litakuwepo mwaka ujao na herufi zake zote. Msalaba wa mbao unaliwa na mchwa chini na jua juu, na rangi ya jina hupauka kabla mbao haijaoza. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, hata kabla ya kupima chochote, pitieni uwanja mzima mpige picha kila msalaba wa mbao, kila kibati chenye jina la rangi na kila kipande cha simiti kilichoandikwa kwa msumari. Mahali pake pawekeni alama kwenye mchoro wa mkono. Mtarudi kuvipa namba baadaye. Watu wengi huanza na marumaru nzuri za langoni, na wakifika nyuma miezi miwili baadaye wanakuta vijiti.

Sasa upimaji. Msitegemee simu iwape mahali pa kila kaburi. Hata penye uwazi simu hukosea mita 3 hadi 5, chini ya miti zaidi, na kaburi na jirani yake hawaachani hata mita 2. Mkiandika kwa setilaiti peke yake mtazika watu upya. Tumieni simu kupata kona nne za uwanja tu.

Ndani fanyeni hivi: chagueni njia iliyonyooka, vuteni kamba ya fundi kutoka mwanzo hadi mwisho, pigeni kigingi kila mita 10. Huo ndio mstari wa msingi. Kila kaburi lina vipimo viwili: umbali kwenye kamba, na umbali kutoka kwenye kamba hadi kichwani mwa kaburi kwa pembe mraba. Pembe mraba mnaipata kwa kamba yenye pande za mita 3, 4 na 5, kama fundi anapoweka msingi wa nyumba. Futi ya kitambaa hunyumbuka ikivutwa, tafuteni ya chuma au ya nyuzi za glasi. Penye mteremko ishikeni usawa, msiilaze kwenye ardhi.

Namba: herufi ya sehemu, mstari, kaburi. B-07-014. Namba ni ya kaburi, si ya mtu. Jiwe lenye watu wawili ni B-07-014/1 na B-07-014/2. Mkigundua mmeruka kaburi kati ya 014 na 015, liiteni 014A, msisogeze zilizobaki, maana picha zitakuwa zimeshapewa majina hayo. Wala msipake namba kwa rangi juu ya kaburi la mtu. Kipande cha kadibodi kinachoshikwa kwenye picha kinatosha.

Na jambo ambalo wengi hulikosea: makaburi yasiyo na jina nayo yapewe namba. Tuta, shimo refu lililotitia, mawe matatu kichwani. Andikeni "hakuna maandishi" na vipimo vyake. Kitabu kinachoruka hayo kinamwambia msomaji kwamba hapo hapakuzikwa mtu, na huo ni uongo. Msichokonoe ardhi kwa chuma kuhakikisha.

Tindo_na_Nyundo:

Ngoja nijibu la maandishi yaliyofifia, maana hapa ndipo mawe huharibiwa na watu wenye nia njema.

Siri yote ni jua la pembeni. Herufi iliyochongwa ni bonde dogo. Jua likilipiga jiwe usoni, bonde halina kivuli na huoni kitu. Likiteleza juu ya uso wa jiwe, kila bonde linajaa kivuli na herufi zinaamka. Huku kwetu tunaishi karibu na ikweta, kwa hiyo ratiba haifanani na ile ya vitabu vya Ulaya. Jiwe lililolazwa lisomeni kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 jioni. Jiwe lililosimama ni kinyume: jua la utosini huteremka juu ya uso wake kama maji, na hapo ndipo linasomeka. Jua la Kisumu hufika kileleni karibu saa 6:40 mchana, si saa 6 kamili. Basi jiwe linalotazama mashariki mlisome saa 5 hadi saa 6:15, na linalotazama magharibi saa 7 hadi saa 8. Jiwe linalotazama kaskazini lisubirini Juni, la kusini Desemba.

Mkishindwa kusubiri, chukueni kioo cha kujitazamia cha futi 1 kwa 3. Mtu mmoja asimame juani arushe mwanga kwenye jiwe kutoka pembeni, mwingine apige picha. Ikishindikana kabisa, rudini jioni na tochi: iwekeni karibu na ukingo wa jiwe, mwanga ulale, pigeni picha nne, kila upande moja. Herufi isiyoonekana kutoka kushoto huonekana kutoka juu.

Marumaru za zamani mara nyingi zilikuwa na herufi za risasi zilizogongwa kwenye matundu madogo. Herufi zikidondoka, matundu yanabaki. Yasomeni: I ni matundu kwa mstari mmoja wima, O ni duara, L ni kona. Jina zima linaweza kurudi namna hiyo.

Kusafisha: brashi laini ya nyuzi za plastiki au ya katani, maji matupu kwenye chupa ya kupulizia, basi. Ukungu ulioshikana na jiwe uacheni. Ukiung'oa unatoka na uso wa jiwe. Mawe mengi ya Nakuru ni laini, yalitoka kwenye majivu ya volkeno, na hata brashi ngumu ya viatu huyachuna.

Nyasi zifyekeni kwa fyekeo, karibu na jiwe mng'oe kwa mkono. Msichome. Moto hupasua marumaru, na risasi huyeyuka kwa digrii 327 tu.

Kerubo_wa_Nyanza:

Nimeona watu wakipaka unga wa ngano au chaki kwenye jiwe, herufi zinatoka nyeupe safi. Si ni rahisi kuliko kioo?

Tindo_na_Nyundo:

Dada Kerubo, hapana. Unga ni chakula: ukibaki kwenye vitundu vya jiwe unalisha ukungu, na mvua ya kwanza unakuwa gundi. Chaki inakwaruza na hujaza herufi nyembamba ambazo ndizo ulikuwa unazitafuta. Povu la kunyolea lina asidi na mafuta ambayo maji hayaondoi yote. Jik na brashi ya waya sitaki hata kuzungumzia. Kioo hakigusi jiwe, ndiyo sababu nakipenda.

Na kwa jiwe lililoanguka kifudifudi: udongo mweusi wa tambarare ya Kano huku kwetu ukilowa hufura, ukikauka hupasuka, kwa hiyo mtayakuta mengi. Bamba la marumaru la mita 1 kwa sentimita 60, unene sentimita 8, lina uzito wa karibu kilo 130. Huo si mzigo wa watu wawili, na likivunjika halirudi. Andikeni "limelala kifudifudi, halijasomwa", kisha ombeni ruhusa na fundi mwenye mitaimbo na magogo ya kuviringisha.

Mwalimu_wa_Lugha:

Nami niongeze kuhusu kuandika kilichosomwa, maana picha nzuri haitoshi.

Fanyeni kazi wawili wawili. Mmoja asome kwa sauti herufi kwa herufi, mwingine aandike. Siku nyingine jozi tofauti isome jiwe lilelile bila kuona karatasi ya kwanza, kisha mlinganishe. Tarakimu 1 na 7, 3 na 8, 5 na 6 ndizo hugombaniwa. Jozi iliyozoea husoma makaburi 30 hadi 40 kwa asubuhi moja, na hesabu ya kazi yenu ipangeni kwa kiwango hicho, mkikumbuka kila kaburi linasomwa mara mbili.

Maandishi yanakiliwa yalivyo, makosa yakiwemo. Mchongaji akiandika "Alizaliwaa", andikeni "Alizaliwaa". Mwisho wa mstari weka mkwaju (/). Herufi mnayokisia iwekeni ndani ya mabano ya mraba. Isiyosomeka kabisa, alama ya kuuliza ndani ya mabano hayo. Hili ni la lazima huku kwetu kwa sababu majina yetu yanageuka kwa herufi moja. Mkiona "tieno" na herufi ya kwanza imemomonyoka, inaweza kuwa Otieno au Atieno. "afula" ni Wafula au Nafula. "ekesa" ni Wekesa au Nekesa. Mkikisia mnambadilisha marehemu jinsia. Andikeni [?]tieno, na pembeni mtaje ishara nyingine jiwe linayotoa, kama neno "mama", "nyar" (binti wa) au "wuod" (mwana wa).

Kwenye mawe ya Kijaluo, "onywole" ni tarehe ya kuzaliwa na "otho" ya kufa. "Nyar Gem" au "nyar Alego" si jina la ukoo. Linasema mama huyo alizaliwa wapi, kwa hiyo liende kwenye faharasa ya mahali.

Tarehe ziwe na safu mbili: ya kwanza kama ilivyochongwa, ya pili tafsiri yenu. "6/4/72" kwetu ni tarehe 6 Aprili, lakini jiwe lililoagizwa na jamaa aliyeko Marekani linaweza kumaanisha Juni 4. Safu ya kwanza isiguswe.

Upande wa Waislamu mtakuta mwaka wa Hijria. Mwaka huo ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo hamwezi kutoa idadi moja kila mara. Zidisheni kwa 0.97 kisha jumlisheni 622 mpate mwaka wa karibu. 1350 ilianza Mei 1931. Siku inaweza kupishana moja au mbili, basi andikeni "karibu". Umri wa miaka 65 ya Hijria ni kama 63 ya jua. Mfunguo Tatu ni Dhulhija, mwezi wa mwisho wa mwaka huo, si mwezi wa 3. Kwa tarakimu za Kiarabu, kiduara ni 5, na sifuri ni nukta. Hapo ndipo wasiozoea huanguka.

Kigujarati: tarakimu ya 1 inafanana na 9 yetu. Mwaka ukiitwa Samvat (kalenda ya Kihindu), toeni 56, au 57 kama kifo kilikuwa kati ya Diwali na mwisho wa Desemba. Samvat 1990 ni 1933 au 1934. Tafuteni mzee anayesoma Kigujarati, mpelekeeni picha zilizochapishwa kwa ukubwa wa A4, msimsomeshe kwenye simu. Kona hiyo mtakuta watoto wachanga wengi, kwa kuwa Wahindu wazima huchomwa na watoto wadogo huzikwa.

Futi_na_Kamba:

Mwalimu kanikumbusha jambo la upimaji. Makka kutoka Kisumu iko karibu kaskazini, ikiegemea mashariki kwa digrii kama 13. Mwislamu hulazwa ubavu wa kulia akiielekea, kwa hiyo kichwa chake kiko upande wa mashariki. Mkristo aliyezikwa kwa desturi ya zamani ana kichwa magharibi. Kwa kutazama matuta, makaburi yote mawili yamelala mashariki hadi magharibi na yanafanana kabisa. Kila mara andikeni jiwe la kichwa liko upande gani. Kwa makaburi yasiyo na maandishi hiyo huenda ikawa habari pekee iliyobaki.

Rejista_Kuu:

Ruhusa kwa ufupi. Katiba ya 2010 iliweka makaburi chini ya kaunti, kwenye huduma za afya, kwa hiyo barua yenu iende huko, na nakala kwa msimamizi wa makaburi. Upande wa Waislamu pitieni kamati ya msikiti, na ya kanisa kwa kanisa. Kaburi lililo ndani ya boma la mtu ni la mwenye boma: hodi kwanza, kamera baadaye. Maziko yaliyo chini ya mwaka mmoja msiyapige picha, andikeni jina tu. Mawe mengine yana majina ya wajane na watoto walio hai. Kwenye kitabu waacheni nje, na kumbukeni kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Mawe ya wanajeshi yana tume yake tangu 1917, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC), na orodha yake iko wazi mtandaoni. Inahusu waliokufa kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Mwanajeshi wa 1922 hayumo, msidhani jina lake limepotea. Hayo mawe msiyasafishe nyinyi.

Jirani_wa_Kibos:

Mmetufaa sana. Swali: rejista ya maziko ya ofisini ikisema mtu alizikwa tarehe 4 na jiwe likasema alikufa tarehe 6, tufuate lipi? Na rejista za zamani kabisa tuzitafute wapi?

Rejista_Kuu:

Msifuate lolote, chapisheni yote mawili. Jiwe liwe ndilo ingizo, rejista iwe maelezo chini yake ikianza na "Rejista:". Jiwe mara nyingi huwekwa miaka baada ya maziko, na familia huweza kukosea siku. Rejista nayo ilijazwa na karani aliyesikia jina kwa sikio lake, kwa hiyo tarehe yake ni nzuri na tahajia yake ni mbaya. Msomaji ataamua.

Kwa zamani: reli ilifika Kisumu Desemba 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence, na eneo hili lote pamoja na Nakuru lilikuwa jimbo la mashariki la Uganda hadi Aprili 1902. Kaburi la kabla ya hapo karatasi zake zinaweza kuwa chini ya Uganda, wala msishangae mkizikosa Nairobi. Kwa baadaye anzeni na vitabu vya parokia, kisha Nyaraka za Taifa. Gazeti rasmi la serikali limetoka tangu 1899 na matangazo ya mirathi ndani yake hutaja tarehe na mahali pa kifo. Hilo limewatoa wengi kwenye jina lisilosomeka. Wazungu na Waasia waliandikishwa mapema kuliko Waafrika, kwa hiyo msitarajie cheti kwa kila jina.

Onyo la kompyuta: kabla ya kuandika chochote kwenye Excel, safu za tarehe zifanyeni ziwe maandishi. Vinginevyo programu itabadilisha "3/4/1912" ipendavyo bila kukuuliza, na tarehe za kabla ya 1900 haizitambui. Picha msitumiane kwa WhatsApp kama picha, inazibana; tumeni kama faili. Kila jioni nakala mbili, kwenye nyumba mbili.

Mchapaji_Nakuru:

Kitabu. Nimefanya hesabu kwa makaburi 1,200. Maneno 35 kwa kaburi ni 42,000. Ukurasa wa A4 wenye safu mbili, herufi za pointi 9, unabeba kama 750, basi kurasa 56. Faharasa ya mistari 2,700 kwa safu tatu ni kurasa 14. Ramani na picha 16, utangulizi 8, kurasa za mwanzo 2. Jumla 96, yaani mafungu 6 ya kurasa 16. Ikifika 97 mnalipia fungu jipya lenye kurasa 15 tupu au mnaanza kubana herufi, kwa hiyo hesabuni mapema.

Kwa nakala 150 chapeni kwa mashine ya dijitali. Bamba za ofseti zinaanza kulipa kuanzia nakala mia kadhaa. Karatasi gramu 80 kwa maandishi, 100 kwa kurasa za picha ili upande wa pili usionekane. Jalada gramu 300 lenye plastiki. Muombeni mchapaji ashone kwa uzi kabla ya gundi. Hiki ni kitabu cha kufunguliwa na kubanwa juu ya mashine ya kunakili, na gundi peke yake huachia kurasa. Ukingo wa ndani uwe milimita 20 au zaidi.

Picha ya upana wa safu moja, sentimita 8.5, inahitaji pikseli 1,000 tu. Msiweke picha ya kila jiwe. Ramani iliyo wazi ina faida zaidi. Ramani ikunjwe ukurasa wa katikati, namba zisomeke bila miwani. Fonti za Kiarabu na Kigujarati zifungwe ndani ya PDF, la sivyo mashine itatoa visanduku vitupu, na hilo hugunduliwa baada ya nakala ya 150.

Namba ya ISBN inatolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa. Iombeni kabla jalada halijakamilika, na muulize hapohapo idadi ya nakala za amana, yaani zile ambazo sheria inataka zikabidhiwe maktaba. Katika zile 150, tengeni za kaunti, maktaba ya Kisumu, makanisa na msikiti kabla hamjauza hata moja.

Mwalimu_wa_Lugha:

Kwenye faharasa, kompyuta hupanga Ng'ong'a na Ong'ayo ovyo kwa sababu ya alama ya ng'. Tengenezeni safu ya siri ya kupangia isiyo na alama hiyo, lakini kinachochapwa kiwe na alama. Ochola na Ocholla wawekwe kila mmoja mahali pake na "tazama pia". Mwanamke aingizwe kwa kila jina alilo nalo, la kwao na la mumewe.

Jirani_wa_Kibos:

Asanteni. Jumamosi tunaanza na mbao. Mzee Futi_na_Kamba, msalaba uliokwisha anguka na hatujui ulisimama kaburi lipi?

Futi_na_Kamba:

Upigeni picha ulipo, pimeni ulipo, uacheni ulipo. Usichomekwe kwenye tuta la karibu. Kwenye kitabu upewe sehemu yake mwishoni, "Alama zilizotengana na makaburi", na namba inayoanza na X.